Ildefonsi Twagirayezu na Gari Lililokwenda kwa Ndizi

Baba Paroko, shemeji yangu Costansia, watoto wa marehemu, wazee wetu wa hapa Kituntu, na ninyi mliovuka vilima kutoka Bweranyange na kutoka Murongo upande wa Kyerwa, wengine kwa miguu tangu alfajiri, ukoo umenikabidhi karatasi hii niisome kwa sababu mimi, Evaristi, ndiye ninayemfuata marehemu kwa kuzaliwa, na kwa sababu imo sehemu ambayo, kama mtakavyosikia, hakuna mtu mwingine awezaye kuisoma kwa niaba yangu.

Marehemu Ildefonsi Twagirayezu alizaliwa hapa Kituntu siku ya Jumanne tarehe 3 Februari 1948, akiwa mtoto wa kwanza wa mzee Gakwaya, aliyekuja Karagwe kutoka Rwanda akiwa kijana kulima kahawa za watu hadi akapata shamba lake mwenyewe, na mama yetu Nyirabageni, ambao wote wawili wametangulia. Alibatizwa mwaka huohuo wa kuzaliwa, na mama alipenda kusimulia kwamba mtoto yule hakuwa mlizi, ila alilia sana siku ile lori la kwanza alilowahi kuliona lilipoondoka sokoni, hata akabebwa nyumbani akiwa bado ananyoosha mkono barabarani.

Alianza shule ya msingi ya misheni hapahapa mwaka 1957, akaendelea na shule ya kati, akamaliza darasa la nane mwaka 1964 akiwa wa tatu katika darasa lake, lakini nafasi za sekondari zilikuwa chache kuliko vichwa, naye akarudi kulima migomba pamoja na baba. Mwezi Mei mwaka 1966 aliajiriwa katika karakana ya parokia chini ya Bruda Anselmi, fundi kutoka Ujerumani, kwanza akiwa mfagiaji, baadaye fundi wa magari, na kazi hiyo aliifanya kwa miaka ishirini bila kukosa siku isipokuwa kwa ugonjwa na misiba.

Tarehe 25 Novemba 1972 alifunga ndoa takatifu na Costansia, binti wa Bweranyange, nao wakajaliwa watoto wanne, Speciose aliyezaliwa mwaka 1973, Anatory mwaka 1976, Adelgunda mwaka 1980, na mmoja wa kiume aliyetangulia mbele za haki mwaka 1978 akiwa na umri wa miezi mitano.

Mwaka huo wa 1978, mwezi Novemba, vita vilipofika mkoani kwetu, magari yote ya parokia yalichukuliwa kwenda kubeba askari na vyakula, karakana ikabaki na mafuta ya grisi na kimya, na hata baada ya vita kwisha petroli ilikuwa adimu kuliko chumvi, gari lililorudi likakaa juu ya mawe, wagonjwa wakabebwa mabegani kwenye machela kama enzi za babu zetu. Katika kipindi hicho cha kukaa bila kazi, Ildefonsi alizoea kuyafungua makaratasi ya magazeti ambayo ndugu zake Bruda walifungia vipuri walivyotuma kutoka kwao, akiyanyoosha kwa kiganja, na siku moja mwanzoni mwa mwaka 1980 alikuta picha ya gari ambalo hakuwahi kuliona, bapa kama mamba, kioo kikiwa paa zima, milango yake ikifunguka kwenda juu kama mbawa za kuku anayetaka kuruka.

Akampelekea Bruda, akamwuliza, "Hili linauzwa wapi?" Bruda akamjibu, "Haliuzwi popote. Limeundwa moja tu, likawekwa kwenye maonyesho, watu walitazame." Ildefonsi akauliza tena, "Walitazame, halafu?" Naye Bruda, alivyotusimulia mwenyewe baadaye akicheka, akajibu tu, "Halafu watamani."

Kaka alikuja kwangu jioni hiyo, akakaa kwenye kigoda, akaniambia kwamba siku zote alidhani watu wenye mali hutengeneza vitu kwa sababu wanavihitaji, kumbe nao huunda gari zima kwa ajili ya kulitamani tu, na kwamba chini ya picha ile, kwa maelezo ya Bruda, ilikuwa imeandikwa habari ya nchi ya Brazili ambako magari yanatembea kwa pombe kali ya miwa. "Wao wana miwa," aliniambia, "sisi tuna nini hapa?" Nje ya mlango wangu kulikuwa na migomba kila upande.

Kuanzia hapo hakutulia tena. Mwaka 1982 mfanyabiashara mmoja wa Nkwenda alikuwa na Volkswagen iliyopinduka, bodi imekunjika ila injini nzima, naye akakubali kuitoa kwa ng'ombe mmoja, na ng'ombe mwenyewe, enyi ndugu mnaotujua, alikuwa yule aliyetolewa na baba kumzawadia Costansia siku ya ndoa ya marehemu. Shemeji yangu Costansia alisimama uani akamwambia, "Baba Speciose, ng'ombe anazaa. Hilo litazaa nini?" Yeye akamsindikiza ng'ombe mwenyewe hadi kwa mwenye gari, akarudi siku ya pili akiwa na vijana sita wanaoburuta chuma, na shemeji aliwapikia wote, ingawa hakuzungumza na mumewe kwa siku nne.

Kazi ya kuliunda ilichukua miaka mitatu, baada ya saa za karakana na siku za Jumamosi. Kiunzi alikitengeneza kwa mabomba ya chuma, nyuma akaacha magurudumu mawili ya Volkswagen pamoja na injini yake, mbele akaweka gurudumu moja la pikipiki, kisha akasuka umbo kwa fito kama anayesuka kapu kubwa, jembamba nyuma na nene mbele, akalivika rubugo, lile vazi la gome la mti ambalo wazee wetu walivaa, akalipaka utomvu uliochemshwa hadi likakauka na kulia kama ngoma ukiligonga, na juu yake akapaka rangi ya kijani. Watu walipoliona wakaliita Senene, nalo jina likashika.

Kuhusu kinywaji chake, Costansia ndiye aliyekamua ndizi za pombe na kuchachusha rubisi, kwa sababu kufikia hapo alikuwa amekwisha kumsamehe, au naye alitaka kuona mwisho wa jambo lile, na Ildefonsi aliipika rubisi hiyo akiutonesha mvuke wake ikawa gongo, akaipika mara ya pili na ya tatu, hadi ikawa ukiiwasha kwenye kijiko inaungua yote bila kubakiza hata tone la maji, kisha akatanua kitundu cha kabureta kwa sindano ya cherehani, kidogo kidogo, kwa sababu pombe hutaka nafasi kubwa kuliko petroli. Wazee walikuja kutazama, wakasikitika kwa dhati, na mmoja wao, ambaye yumo humu msibani na sitamtaja, alisema, "Ildefonsi, hicho chuma chako kinakunywa peke yake, wala hakikaribishi wageni."

Siku ya Jumapili tarehe 15 Septemba 1985, baada ya misa, Senene liliwashwa kwa vijiko viwili vya petroli, kwa kuwa asubuhi za kwetu ni za baridi na pombe huchelewa kushika moto, kisha likageuziwa ndizi, likakohoa, likatetemeka, likatembea kutoka uwanja wa kanisa hadi sokoni, kama kilometa nne, Ildefonsi akiwa kwenye usukani na binti yake Speciose pembeni akishikilia rosari, na barabara nzima ilinuka kama nyumba yenye harusi. Watu walikimbia nyuma wakiimba. Mimi nilikuwa miongoni mwao, nikakimbia hadi nikapoteza kiatu, nami nilikuwa mtu mzima mwenye watoto watano.

Ndipo alipopata hamu ambayo haikumtoka tena. Alitaka kulipeleka Senene Bukoba kwenye maonyesho ya Sabasaba ya mkoa, siyo kwa kuliuza wala kwa kutafuta zawadi, bali liwekwe pale, watu wa mkoa mzima walitazame, watamani. Afisa mmoja wa wilaya alimwelewa, akamwandikisha, ila akamwambia kwamba sheria inakataza kupika gongo na kuisafirisha, kwa hiyo alete barua ya balozi wake wa nyumba kumi ithibitishe kwamba kinywaji kile ni mafuta ya injini na wala si cha kuuza, naye ataigonga muhuri.

Balozi wa nyumba kumi nilikuwa mimi.

Alinijia tarehe 28 Juni 1986 na karatasi nyeupe na kalamu, akaniambia, "Evaristi, mistari mitatu tu." Nami nilimjibu maneno ambayo nayasoma kama nilivyoyasema, "Kaka, nikiandika kwamba kwetu kuna mtambo wa gongo, nani ataniuliza habari za gari? Wataniuliza tumetoka wapi." Mnajua wenyewe miaka ile ilivyokuwa, mtu wa asili yetu, hata akiwa amezaliwa hapa na kuzika wazazi wake hapa, alitembea akijua kwamba neno moja laweza kumrudisha mwanzo, na ubalozi ule ndio uliokuwa karatasi yangu ya kuniambia kwamba mimi ni wa hapa. Ildefonsi alinitazama, akasema, "Haya," akaikunja ile karatasi isiyoandikwa kitu, akaiweka mfukoni mwa shati, akanywa uji aliopewa na mke wangu, akaaga.

Aliondoka bila barua siku ya Ijumaa tarehe 4 Julai 1986, asubuhi, peke yake, akiwa na madumu mawili ya lita ishirini, akapita Omurushaka akishangiliwa, akashika barabara ya Bukoba, na kabla ya saa sita mchana akasimamishwa kwenye kizuizi kimoja njiani, madumu yakafunguliwa, yakanuswa, naye akakamatwa kwa kosa la kusafirisha gongo.

Kesi ilisikilizwa tarehe 14 Julai 1986 katika mahakama ya hukuhuku wilayani kwetu, nami nilikuwepo, nimekaa benchi la nyuma. Hakimu alimwuliza kama aliwahi kuona gari linalokunywa gongo, watu wakacheka, na Ildefonsi akajibu bila kucheka, "Mheshimiwa, lipo hapo nje. Naomba ruhusa niliwashe." Hakimu akafikiri, akakubali, wote tukatoka nje, mahakama nzima, tukalizunguka Senene, na kaka akafungua tangi akalikuta kavu, akauliza madumu yake yako wapi, akaambiwa kwamba kielelezo kimekwisha kumwagwa shimoni kama taratibu zinavyotaka, isipokuwa chupa moja iliyotiwa lakiri, na hiyo haifunguliwi. Alibaki ameinama juu ya lile tangi kwa muda mrefu. Nilikuwa hatua kumi kutoka kwake, nikiwa balozi, na ningeweza kusema, "Mheshimiwa, mimi nililiona likitembea." Sikusema. Alihukumiwa kifungo cha mwaka mmoja.

Nilikwenda kumtembelea gerezani mwezi Septemba, nimejiandaa kwa maneno yake yote, na alipoletwa aliniuliza jambo moja tu, "Costansia ana kuni za kutosha?" Nikasema anazo. Niliporudi nilipasua kuni siku tatu mfululizo, mpaka shemeji akaja kuniambia, "Shemeji, basi, hakuna pa kuziweka tena."

Alitoka tarehe 13 Machi 1987 baada ya kupunguziwa theluthi, na kabla ya kuja nyumbani alipitia pale lilipoachwa gari, akakuta mvua za vuli zimekula rubugo, fito zimeoza, mabomba yamesimama yenyewe na kuku wametaga chini ya usukani. Costansia alipomwuliza kama ameliona, alijibu, "Lipo." Mwaka 1989 alifuatilia tena kibali cha kuunda jingine, akaandika barua mbili ambazo hazikujibiwa, na kwa kuwa petroli ilikwisha kuanza kupatikana, watu wema walimshauri aachane na ndizi, wakimwambia, "Fundi, petroli si ipo?" Naye alizoea kuwajibu, "Ipo leo."

Tangu mwaka 1988 alihamishia kazi yake Murongo mpakani, kwenye banda la kutengeneza baiskeli za wachuuzi wanaovuka kwenda na kutoka Uganda, akija nyumbani kila baada ya wiki mbili. Huko alimkuta mama Mukabera, ambaye yupo hapa mbele yetu, aliyepooza miguu tangu utotoni na aliyekuwa akiburuta mzigo wake wa chumvi na sabuni kwa mikono hadi forodhani, akamwundia baiskeli ya magurudumu matatu inayozungushwa kwa mikono, yenye sanduku nyuma na breki ya mpira wa gari, na baada yake akaunda nyingine kumi kwa watu wa Kaisho, Isingiro na hata ng'ambo ya mto. Mama Mukabera ameniomba niseme kwamba siku ya kwanza aliyoipanda alipita forodha kwa kasi, afisa akapiga filimbi, naye hakusimama, kwa kuwa maisha yake yote hakuwahi kukimbizwa na mtu.

Lakini ndugu zangu, nisiwadanganye kwamba kazi hiyo ilimtosha. Kila mwaka tarehe 7 Julai alifunga banda lake, akavaa koti, akapanda lori hadi Omurushaka, akasimama pale barabara ya Bukoba inapoanzia, akitazama magari yanayoelekea huko, halafu jioni akarudi na mkate kwa watoto. Hakupanda hata moja la kwenda. Niliwahi kumwambia, "Kaka, nauli ipo, nenda ukayaone hayo maonyesho." Akanijibu, "Niende na nini?"

Ugonjwa wake ulianza baada ya Pasaka ya mwaka 1996 kwa maumivu ya tumbo, akatibiwa katika hospitali ya Nyakahanga, akapata nafuu, ukarudi kwa nguvu mwezi Juni mwaka huu, ikaonekana ni uvimbe, na tarehe 19 Agosti 1997 akapewa rufaa ya kwenda Bukoba. Hivyo ndivyo kaka yangu alivyokwenda Bukoba kwa mara ya kwanza katika maisha yake, akiwa amelazwa kwenye godoro nyuma ya pikapu ya parokia iliyoendeshwa na ndugu Melkiory, mimi na Costansia tukiwa tumemshika kila upande ili asirushwe na mashimo.

Tulipoingia mjini aliomba tupitie uwanja wa maonyesho. Hakukuwa na kitu, ni nyasi, vibanda vilivyofungwa na mbuzi wawili. Akasema, "Niinueni," tukamwinua, akatazama upande hadi upande, taratibu, kama mtu anayepima, kisha akanyoosha kidole akasema, "Ningeliegesha pale, penye kivuli. Rubugo halipendi jua kali." Melkiory akazima injini bila kuambiwa. Tukakaa hapo hadi yeye mwenyewe aliposema twende.

Nikiwa naye wodini, siku ya tatu, nilishindwa kujizuia, nikamwambia, "Kaka, ile barua." Akafumba macho, nikadhani amelala, halafu akasema, "Ningekuwa mimi balozi, huenda hata mimi nisingeandika." Nikaanza kushukuru, akanigusa mkono ninyamaze, akamalizia, "Lakini nilitamani sana uandike." Alisema hivyo bila hasira, na hatukuizungumza tena.

Madaktari walifanya kila lililowezekana, na walipotueleza kwa upole kwamba limebaki la Mungu, tulimrudisha nyumbani tarehe 15 Septemba 1997, akapokea sakramenti akiwa na akili timamu, akawaita watoto wake mmoja mmoja, na siku ya Jumapili tarehe 21 Septemba 1997, saa nne asubuhi, kengele ya misa ya pili ikigonga, akaaga dunia mikononi mwa mkewe, akiwa na umri wa miaka arobaini na tisa, miezi saba na siku kumi na nane. Ameacha mjane, watoto watatu na mjukuu mmoja.

Kwa niaba ya ukoo nawashukuru madaktari na wauguzi wa Nyakahanga na wa Bukoba, Baba Paroko na ndugu Melkiory, wachuuzi na mafundi wa Murongo mliofunga biashara zenu kwa siku mbili, maafisa wa forodha mliotuma rambirambi, na majirani wa Kituntu mliochota maji, mliokata ndizi na mliochimba kaburi kwenye udongo huu wa kiangazi ulio mgumu kama tofali. Nakushukuru wewe shemeji yangu Costansia, ambaye ng'ombe wako alikwenda na hukumwacha mumeo.

Na sasa, kwa kuwa wengi wenu mlikuwa wadogo na wengine hamkuwepo, na kwa kuwa watoto wake wamekua wakisikia mitaani kwamba baba yao alifungwa kwa biashara ya gongo, natamka hadharani mbele ya jeneza lake, bila kulazimishwa na mtu, kwamba mimi Evaristi, niliyekuwa balozi wa nyumba kumi, nathibitisha ya kuwa kile kilichokuwa ndani ya madumu ya Ildefonsi Twagirayezu kilikuwa mafuta ya gari, ya kuwa gari hilo aliliunda mwenyewe kwa mikono yake, na ya kuwa nililiona likitembea.

Kaka yangu, mama alizoea kutupokea tukitoka shambani kwa neno moja la kwao, akitutua majembe begani, nami leo sina neno zuri kuliko hilo. Ruhuka, Ildefonsi. Pumzika kwa amani.